Kazi ya Besi Katika Bendi: Mwongozo kwa Wapigaji, Viongozi na Mafundi Mitambo

Katika bendi nyingi gitaa la besi hukabidhiwa mtu wa mwisho. Kijana huanza na matumaini ya kupiga solo, akishindwa husogezwa kwenye ridhimu, na nafasi ya besi ikitokea kuwa wazi hupewa aishike kwa muda. Utaratibu huo umezalisha wapigaji wazuri kwa bahati tu. Bendi nyingi zaidi zimeumizwa nao, kwa sababu unamweka mtu asiyejiandaa mahali ambapo kosa moja hubomoa kazi ya wenzake wote. Mwongozo huu unaeleza kazi halisi ya besi, namna inavyotakiwa kupigwa na kurekodiwa, na haki za anayeipiga. Mifano mingi imetolewa kwenye muziki wa dansi, maana huko ndiko wapigaji wengi wa Afrika Mashariki walikojifunzia.

Kazi ya kwanza ya besi ni kuzipa maana noti nyingine. Magitaa yakipiga C, E na G kwa pamoja, na besi ikalia C chini yake, wimbo hutua na mwimbaji anaweza kuumaliza ubeti wake. Besi ikihamia A, noti zile zile tatu huingiwa na majonzi, ingawa hakuna mpiga gitaa aliyeinua kidole. Ikikaa kwenye E, wimbo bado haujatua. Msikilizaji hubaki akisubiri kitu kifuate. Anayepiga noti ya chini kabisa ndiye anayeamua noti za wenzake zitasikika vipi. Mwimbaji aliye sahihi kabisa anaweza kuonekana ametoka nje ya sauti kwa kosa la mtu aliyesimama nyuma yake.

Wajibu unaotokana na hilo ni kuujua wimbo kabla ya kuupiga. Kukariri mahali pa kuweka vidole hakutoshi, kwani siku mwimbaji akiamka na mafua na wimbo ukalazimika kushushwa, aliyekariri vidole hupotea. Mpigaji makini huijua noti ya msingi ya kila sehemu na hujua mtunzi alikusudia nini pale wimbo unapogeuka. Palipo na shaka huuliza wakati wa mazoezi, si jukwaani kwa kumkodolea macho mpiga ridhimu.

Kazi ya pili ni kulinda mwendo, na hapa upo ushahidi wa kisayansi ambao kila kiongozi wa bendi anastahili kuujua. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, na wenzao walichapisha majaribio ambamo watu walisikilizishwa sauti mbili za kinanda kwa pamoja, moja ya juu na moja ya chini. Mara chache, sauti mojawapo iliwahishwa kwa milisekunde 50. Vipimo vilionyesha kuwa sauti ya chini ilipowahi, ubongo ulishtuka zaidi kuliko ilipowahi ile ya juu. Watu walipotakiwa kugonga kidole wakifuata mapigo, vidole vyao navyo vilivutwa zaidi na mabadiliko ya sauti ya chini. Yaani sikio hupimia wakati kwenye besi. Wakongwe wa dansi walilijua jambo hilo bila maabara: mpiga solo akiwahi kidogo huambiwa ana mbwembwe, lakini mpiga besi akiwahi kiasi hicho hicho, watu hurudi kukaa.

Utafiti wa pili wa chuo hicho, uliochapishwa mwaka 2022, ulifanywa kwenye onyesho halisi la muziki wa kielektroniki. Spika maalumu za sauti za chini mno, ambazo sikio haliwezi kuzitambua waziwazi, ziliwashwa na kuzimwa kwa vipindi bila wahudhuriaji kujulishwa. Zilipowashwa, mwendo wa wachezaji uliongezeka kwa takriban asilimia 12. Mwenye ukumbi anayebana matumizi kwa kukodi spika ndogo anafaa kuisoma takwimu hiyo kama hesabu ya biashara.

Kwa mpigaji, maana yake ni kwamba mazoezi ya mwendo hayana mbadala. Metronomu inapatikana bure kwenye simu. Itumike kwanza kwa mwendo wa polepole, kwa sababu katika mwendo wa kasi vidole hubebwa na kasi yenyewe na makosa hujificha. Wimbo wa taratibu, wenye nafasi pana kati ya noti na noti, ndio unaomfichua mpigaji. Baadaye metronomu iwekwe igonge pigo la pili na la nne tu, kisha pigo moja tu katika kila mapigo manne, ili mpigaji azoee kuubeba mwendo mwenyewe badala ya kuukimbilia.

Muziki wa dansi una mahitaji yake, na hapo ndipo kazi hii inapotaka akili zaidi. Bendi kamili huwa na solo, mara nyingi solo la pili, ridhimu na besi, pamoja na tumba, dramu na tarumbeta. Magitaa matatu ya juu hupishana katika masafa yanayokaribiana. Kila moja likipiga mfululizo wake, mwenye kuyaunganisha ni besi. Mpiga besi hatakiwi kumfuata mpiga solo. Anatakiwa kukaa kati ya tumba na ngoma kubwa ya mguu, na kuhakikisha kwamba kila gitaa linaloondoka lina mahali pa kurudi.

Tabia ya besi katika dansi imetokana kwa sehemu kubwa na santuri za Kikuba za mfululizo wa GV, ambazo zilianza kutolewa mwaka 1933 na kusikilizwa sana Kongo na Afrika Mashariki. Katika mtindo wa Kikuba besi mara nyingi huruka pigo la kwanza. Noti yake ya pigo la nne hutangulia kutangaza mabadiliko yanayokuja, na mchezaji hujikuta ameshavutwa mbele kabla hajafika. Anayetoka kwenye kwaya au muziki wa injili, alikozoea kuligonga pigo la kwanza kwa nguvu, hupata taabu hapa. Tiba ni kusikiliza tumba kwa miezi, tena bila gitaa mkononi.

Wimbo wa dansi wa mtindo wa zamani una nusu mbili, na besi hubadilika nazo. Katika nusu ya kwanza, ya kusimulia, besi humtumikia mwimbaji: noti chache, ndefu, zisizoingilia maneno. Wimbo ukifika kwenye chemko, maneno hupungua, magitaa huchukua nafasi, na besi hushika mchoro mfupi unaorudiwarudiwa. Wapigaji wengi huharibu hapa kwa kuchoka mapema. Baada ya kuurudia mchoro mara kadhaa wanahisi wanapaswa kuonyesha kitu kipya, ilhali mchezaji aliye chini ndiyo kwanza ameuzoea. Uvumilivu wa kurudia kitu kimoja kwa usahihi ule ule ni ustadi kamili, na kwa maoni ya mwandishi ndio ustadi adimu kuliko yote katika bendi za leo.

Hilo halimaanishi kwamba besi ikae kimya pembeni. Les Wanyika, kundi lililoanzishwa Nairobi mwaka 1978 na wanamuziki waliojitoa Simba Wanyika, lilikuwa na Tom Malanga kwenye besi. Katika “Sina Makosa” besi yake husikika wazi, ikizungumza na ridhimu ya Omar Shabani, na hakuna hata mmoja anayemkanyaga mwenzake. Siri ni nafasi. Malanga anapiga, anaacha, kisha anapiga tena mahali ambapo ridhimu imepumua. Kazi ya Decca Mpudi katika TPOK Jazz ya Franco inafaa kusikilizwa kwa makini vilevile, hasa na wanaodhani wingi wa noti ndio uhodari.

Kuacha nafasi kunahusu pia mahali noti inapoishia. Noti ya besi ina mwanzo na mwisho, na wanaojifunza huutunza mwanzo tu. Uzi ukiachwa ulie hadi noti inayofuata, sauti za chini hurundikana na ukumbi mzima hujaa mngurumo usioeleweka. Mkono wa kushoto ndio unaonyamazisha, nao ufundishwe kazi hiyo tangu siku ya kwanza. Walimu wa rege humtaja Aston Barrett wa The Wailers kwa sababu hiyo: ukimya wake kati ya noti ulikuwa sehemu ya wimbo, na ukiondolewa wimbo huanguka.

Besi haihitaji lazima umeme wala gharama. Katika kidumbak cha Zanzibar kazi hiyo hufanywa na sanduku, ambalo ni kasha la mbao lenye fimbo na uzi mmoja, na mpigaji hupandisha na kushusha sauti kwa kuukaza na kuulegeza uzi. Taarabu asilia hutumia besi kubwa ya kusimama, inayochunwa kwa vidole. Anayetaka kujua besi inaweza kufanya nini ikiwa na sauti chache kabisa akasikilize sanduku kwenye harusi.

Sasa suala la sauti yenyewe, ambalo wapigaji na mafundi mitambo hulaumiana nalo kila wiki. Nyuzi nne za gitaa la besi, zikifungwa kwa utaratibu wa kawaida, hulia kwa takriban hezi 41, 55, 73 na 98. Wimbi la sauti la hezi 41 lina urefu wa zaidi ya mita 8, yaani linaweza kuuzidi upana wa baa nzima. Ndiyo maana besi ile ile hunguruma kwenye kona, hupotea katikati ya ukumbi na kusikika vizuri mlangoni. Amplifaya ya besi ikisukumwa kwenye kona huongeza mngurumo bila kuongeza uwazi. Kabla ya onyesho fundi mitambo atembee ukumbi mzima wakati besi inapigwa peke yake, kisha ikipigwa pamoja na ngoma ya mguu. Ala hizo mbili hugombea masafa yale yale, na ni lazima mojawapo ikubali kuwa juu kidogo ya nyingine. Sauti za waimbaji na magitaa zikatwe masafa yaliyo chini ya hezi 80 hivi, kwani huko hazina cha kusema zaidi ya kuchafua besi.

Sikio la binadamu halisikii masafa ya chini kwa urahisi sauti inapokuwa ndogo. Besi inayotosha jukwaani kwa sauti kubwa hufifia wimbo huo huo ukisikilizwa polepole nyumbani. Katika studio ni vizuri kuupima wimbo kwa sauti ndogo, na kuupima kwenye simu, kwa kuwa wasikilizaji wengi wako huko. Spika ya simu haiwezi kutoa hezi 41 hata kidogo. Inachotoa ni sauti za juu zinazoambatana na noti hiyo, na ubongo hujaza iliyobaki. Besi iliyokatwa sauti zake za juu ili iwe nzito huwa tupu kabisa kwenye simu. Mtayarishaji wa bongo fleva anayetumia besi ya kompyuta, iliyotokana na mashine ya Roland TR-808 ya mwaka 1980, ana wajibu wa ziada: kuhakikisha sauti hiyo imepangwa kulingana na noti za wimbo. Nyimbo nyingi zinazopigwa redioni zina besi iliyo nusu noti pembeni, na lawama humwendea mwimbaji.

Afya ya kazi isichukuliwe kama anasa. Viwango vinavyotumika sana vya usalama kazini, vya taasisi ya NIOSH ya Marekani, huruhusu kelele ya desibeli 85 kwa saa 8. Kila kelele ikiongezeka kwa desibeli 3, muda wa usalama hupungua kwa nusu: desibeli 88 ni saa 4, na desibeli 100 ni dakika 15 tu. Bendi inayopiga kuanzia saa tatu usiku hadi saa tisa inavuka kiwango hicho mapema sana. Vipimo vya kawaida vya kelele, tena, huipunguzia besi uzito wake katika hesabu, kwa hiyo namba ndogo kwenye kifaa isimpe mtu uhakika. Vizibo vya masikio vivaliwe na masikio yapumzishwe kati ya vipindi. Umeme wa ukumbi ukaguliwe kama una waya wa ardhini kabla gitaa halijachomekwa. Mpigaji mwenye vidole kwenye nyuzi na midomo kwenye maikrofoni ndiye wa kwanza kupigwa na shoti.

Kuhusu mwenendo, machache yatatosha. Mpiga besi hufika kabla ya waimbaji, kwa kuwa bila yeye sauti za wengine haziwezi kupimwa. Huwa na nyuzi za akiba na waya wa pili. Anayepiga deiwaka katika bendi nyingine huomba ruhusa ya kiongozi wake na hapeleki huko nyimbo mpya ambazo bendi yake haijazitoa. Kiongozi naye asimzuie mtu kutafuta riziki siku ambazo bendi haina kazi ya kumpa.

Linabaki suala la haki, ambalo wapiga besi wamelipuuza kwa gharama kubwa. Mfano unaojulikana zaidi uko Detroit, Marekani. James Jamerson alipiga besi katika nyimbo nyingi zilizovuma za kampuni ya Motown katika miaka ya 1960, akitumia zaidi kidole kimoja cha shahada kuchuna nyuzi. Katika miaka hiyo majina ya wapigaji hayakuwa yakiandikwa kwenye santuri za kampuni hiyo. Jina lake lilichapishwa kwenye albamu ya Marvin Gaye, What's Going On, mwaka 1971. Alifariki mwaka 1983, na mwaka 2000 ndipo alipoingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, katika kundi lililoanzishwa mwaka huo kwa ajili ya wapigaji wa pembeni. Vizazi vya wapiga besi duniani vilijifunza kwa kumwiga mtu wasiyemjua jina.

Sheria za eneo letu zinampa mpigaji silaha ambayo wengi hawaitumii. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na ofisi yake, COSOZA. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 chini ya KECOBO, na wapigaji wana chama chao cha kukusanya malipo, PRISK. Sheria hizi hutofautisha haki mbili. Hakimiliki ni ya mtunzi wa wimbo na, kwa Tanzania Bara, hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Hakishiriki humgusa mpigaji kama mtendaji: upigaji wake haurekodiwi wala kurushwa hewani bila idhini yake. Mpiga besi hahitaji kuwa ametunga wimbo ndipo awe na haki katika rekodi. Na ikiwa mchoro wa besi aliubuni yeye, tena ndio unaoutambulisha wimbo, ana sababu ya kudai nafasi katika utunzi.

Tatizo ni uthibitisho. Makubaliano mengi hufanywa kwa mdomo, kwenye korido ya studio, huku kila mtu akiwahi daladala. Miaka kumi baadaye wimbo unatumika kwenye tangazo la biashara na hakuna karatasi inayoonyesha nani alipiga nini. Mkataba wa ukurasa mmoja unatosha. Utaje jina kamili la mpigaji kama litakavyoandikwa, tarehe na mahali pa kurekodia, kiasi cha malipo na siku ya kulipwa. Ueleze kama malipo hayo yanahusu matumizi yote au kurekodi tu, mgawo wa mirabaha upoje, na nani anatambuliwa kuwa amebuni sehemu ya besi. Usainiwe kabla ya kurekodi, kila upande ubaki na nakala. Anayepokea posho ya siku moja na kusaini kwamba ameachia haki zote asome sentensi hiyo mara mbili. Kisheria anaweza kuwa ameuza zaidi ya alicholipwa. Ulinzi wa sheria huanza kazi inapofanyika, lakini kusajili kazi na kujiunga na taasisi inayokusanya mirabaha hurahisisha madai yote yatakayofuata.

Wajibu wa mwisho ni wa viongozi wa bendi na watayarishaji. Kabla wimbo haujapelekwa redioni au kupandishwa mtandaoni, taarifa zake zijazwe majina ya wapigaji wote pamoja na ala walizopiga, besi ikiwemo. Kazi hiyo huchukua dakika chache wimbo ukiwa bado mikononi mwao. Ukishasambaa, kuurekebisha huwa kazi ngumu, na mara nyingi hakuna anayejishughulisha.